Nafasi Moja Kando ya Mama

Idalia Arrindell alizaliwa mahali ambapo siku hizi ni bafu la chumba nambari kumi na nne. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake alilipwa kulisugua bafu hilo, na hakuna aliyeona ajabu, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kuiona. Mtu kuzaliwa mahali na baadaye kupasafisha ni jambo la kawaida duniani. Wengine tu hubahatika kupita mlango wa mbele.

Hoteli yenyewe inaitwa Kasa Wawili, ipo kwenye ghuba, upande wa Kiholanzi wa kisiwa chetu cha Sint Maarten, na si hoteli hasa. Ni nyumba za zamu. Mtu wa Ohio au New Jersey hununua wiki moja ya mwaka katika chumba kimoja, wiki ileile, chumba kilekile, mpaka kufa, na akifa wanawe huirithi wiki hiyo pamoja na ada zake. Chumba kimoja kina wenyewe hamsini na wawili wasiojuana, na kila mmoja akiingia na mabegi husema amefika nyumbani. Ukiwaita wageni wananuna. Ni wenyewe, na watu wa jikoni huwataja kwa zamu zao: Wiki ya Tatu ana kisukari, Wiki ya Kumi na Moja kaoa tena, mke kijana, taulo zitakwisha.

Hatukuwa na haki ya kuwacheka, maana mtindo huo tuliuanza sisi. Ardhi ile ya ghuba iliachwa na mzee Josephus Arrindell, mchuma chumvi, kwa wanawe wote na wana wa wanawe, na hakuna aliyethubutu kuigawa. Kila mjukuu, awe Curaçao, awe anaendesha treni New York, aliimiliki yote na hakumiliki hata kipande. Alirudi, akajenga kibanda, akafuga mbuzi wawili watatu, akagombana na binamu, akaondoka. Tofauti yetu na watu wa Ohio ni moja tu: kwetu ukifa zamu haikuisha. Ulilazwa palepale nyuma ya nyumba, kwenye safu ya makaburi yaliyozungushiwa makombe makubwa ya baharini, na hapo ndipo umiliki wako ulipoanza kuwa wa kweli. Walio hai huja na kuondoka. Mfu ana makazi ya kudumu.

Makaburi yalikuwa sita. La mwisho ni la mama yake Idalia, na kati yake na ukuta wa mawe ilibaki nafasi ya mtu mmoja. Mama alikuwa ameshasema ni ya nani. "Hapo ni pako," alimwambia Idalia, kwa sauti ileile aliyomwonyeshea kila mtoto kiti chake mezani. Kaka mtu, Rupert, wakati huo alikuwa Aruba kwenye mitambo ya mafuta, na mama alikwisha kumhesabu kama mtu aliyezikwa huko.

Rupert alirudi mitambo ilipofungwa. Alirudi na suti moja na neno moja, maendeleo, na vyote viwili vilimkaa vizuri. Kampuni ya kujenga nyumba za zamu ilipokuja kuulizia ghuba, ndugu wa Curaçao na New York walimwachia yeye aseme kwa niaba ya ukoo, nao walifanya hivyo kwa haraka ya watu ambao hawajawahi kuona faida ya mbuzi. Na Rupert hakuwa mjinga. Alipigania bei. Alipigania kazi kwa kila Arrindell atakayeitaka. Alipigania hata mbuzi: waruhusiwe kupita kwenda kunywa maji kisimani, leo na siku zote. Mbuzi waliandikwa. Wafu hakuwataja.

Hii ndiyo sehemu ambayo wanasheria wa nje huielewa vibaya, wakadhani alisahau. Hakusahau. Kwetu huwezi kumtaja marehemu kwenye meza ya bei, kama usivyoweza kuweka jeneza kwenye meza ya chakula. Muuzaji hunyamaza, mnunuzi hunyamaza, na wote wawili wanajua kuwa makaburi hayamo. Hivyo ndivyo ardhi ilivyouzwa kisiwani tangu chumvi ilipokuwa na bei. Watu wa kampuni nao walinyamaza, na sisi tukasema, kumbe hawa ni watu waliolelewa.

Idalia alimwuliza kaka yake usiku wa kuamkia kutia saini.

"Na kina mama je?"

"We Idalia, huna haya? Nimtaje mama pale, katikati ya bei ya mchanga na bei ya kisima?"

Idalia aliona aibu kwamba ameuliza.

Meneja wa kwanza alikuwa mtu wa staha. Aliyaacha makaburi, akayapandia ua wa michongoma, akaweka kibao kilichosema Bustani ya Kihistoria. Kila mwisho wa Oktoba Idalia alimaliza zamu yake, akavua aproni, akaenda na ndoo ya chokaa kuwapaka wazee wake, na jioni ya Watakatifu Wote akawasha mishumaa. Wenye wiki hiyo walikuja na glasi zao kupiga picha. Makombe yalikuwa yakipotea mojamoja kila msimu. Mengine nadhani yako hadi leo juu ya meko ya watu huko Pennsylvania. Idalia aliomba mengine kwa wavuvi na kuyarudisha mahali pake bila kumshtaki mtu. Mara moja mtoto wa Wiki ya Ishirini na Tisa aliuliza nani amelala mle. Mama yake akasema maharamia. Idalia, akiwa na mashuka mkononi, aliacha lipite, ingawa Josephus Arrindell alikuwa Mmethodisti ambaye hakuonja hata pombe ya gwavaberi ya Krismasi, na kwetu huo ni utakatifu wa kutisha.

Katika wote hao wenye zamu, aliyekuwa wa Idalia hasa ni Bi Marjorie Pruitt wa Ohio, Wiki ya Nane, chumba hichohicho cha kumi na nne. Walizeeka pamoja, wiki moja kila mwaka. Bi Marjorie alimletea soksi, picha za wajukuu, na siku ya kuondoka alimwachia chupa za nusu za sosi zilizobaki kwenye friji. Alimwambia kila mtu kwamba Idalia si mfanyakazi, ni ndugu. Idalia naye alimpikia samaki wa chumvi na mikate ya kukaanga, akampa habari za makaburi, mama ni huyu, babu ni yule, na hapa ni pangu. Bi Marjorie alifuta machozi, akasema hakuna kitu kizuri kama mtu kujua mahali pake.

Mumewe, mzee Walt, alipokufa, aliletwa ndani ya kopo. Familia ilikodi bendi ya ngoma za chuma, hoteli ikatoa viti na ponchi, na majivu yakarushwa baharini kutoka kwenye baraza ya chumba. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyefikiri kuna wa kuombwa. Upepo wa Februari kwetu hutoka baharini. Sehemu kubwa ya mzee Walt ilirudi barazani. Asubuhi yake Idalia aliipita na fagio.

Baada ya hapo tumbo la Idalia likaanza kumsumbua. Alipelekwa Kolombia, tunakopelekwa wote ugonjwa ukiwa mkubwa kuliko hospitali yetu, akarudishwa mapema kuliko ilivyotarajiwa, jambo ambalo kwetu kila mtu anajua kulisoma. Hakulia mbele za watu. Alirudi kazini kwa sababu nyumbani, alisema, mtu anaweza kuugua vibaya. Alichotaka kilikuwa kimoja, na alikisema kwa kila aliyemwuliza hali: alazwe pale kati ya mama na ukuta.

Meneja wa sasa, Bwana Van Dongen, Mholanzi mwenye adabu ya baridi kama sahani, alimwambia hilo si lake kuamua. Wenye zamu wana mkutano wao kila Februari. Kama mmoja wao angelileta jambo, lingesikilizwa. Idalia akamwendea Bi Marjorie, na Bi Marjorie akamshika mikono yote miwili akasema aliache kwake.

Mkutano hufanyika ukumbini asubuhi, kwa kahawa na vitumbua vya Kifaransa. Idalia alikuwapo, maana siku hiyo ndiye aliyepangiwa birika. Alisimama kando yake muda wote, akimimina. Walianza na bei ya maji, wakaingia rangi ya viti, ndipo wakafika kwake. Walimzungumzia kwa upendo mkubwa, kama mtu ambaye hayumo chumbani. Mama mmoja aliuliza juu ya watoto wanaocheza upande ule. Mwingine alitaka kujua kama maji ya chini yanagusana na bwawa. Daktari wa meno wa New Jersey akainua mkono.

"Sina ubaya wowote, mama huyu tunampenda sote. Nauliza tu, ni yeye peke yake, au kuna foleni?"

Wakacheka, si kwa ukatili. Swali lilikuwa zuri. Arrindell ni wengi.

Ndipo Bi Marjorie akasimama. Alisema mengi, kuhusu soksi, kuhusu mikate, kuhusu siku ya mzee Walt, na sauti ilimkatika mara mbili. Kisha akasema kuwa kaburi ni huzuni, na Idalia kwao amekuwa furaha. Kwa hiyo anapendekeza benchi. Benchi la mbao nzuri, lenye jina lake kwa shaba, kando ya michongoma. Mikono yote ikapanda. Wakageuka kumpigia makofi, na Idalia, akiwa na birika mkononi, akasema, "Asanteni."

Bi Marjorie alimfuata nje ya ukumbi, uso umemng'aa.

"Umeona walivyokupigia makofi?"

"Nimeona, Bi Marjorie."

"Litatazama bahari. Walt angelipenda sana."

"Mzee Walt mlimweka hapa."

"Lakini yale ni majivu tu, mpenzi. Majivu hayachukui nafasi."

"Yalichukua baraza," Idalia akasema. "Niliyafagia mimi."

Bi Marjorie aligeuka kutazama upande wa baraza yake. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, aliyapeleka wapi.

"Baharini, mama. Kwenye kizoleo. Sikuyachanganya na takataka nyingine."

Sisi tuliomjua Idalia tunaamini ni kweli. Siku ile alikuwa na kizoleo kipya, kisichowahi kuzoa kitu kingine.

Jioni alimkuta Rupert barazani kwake, maana siku hizo kaka mtu alikuwa akiishi kwa dada mtu, suti imekwisha, maendeleo yamekwisha, pesa za ghuba zimegawanywa kwa Arrindell wengi kiasi kwamba kila mmoja alipata friji. Rupert hakuwahi kukanyaga Kasa Wawili tangu ilipofunguliwa. Alikuwa akizunguka kwa barabara ya juu.

"Mara ile mama hukumtaja," Idalia alimwambia, "ukasema ni heshima. Nikakubali. Mimi usiniheshimu, Rupert. Nenda kanitaje, kama ulivyowataja mbuzi."

Rupert akaenda. Alinyoa, akavaa kofia, akapita lango la mbele. Bwana Van Dongen alimpa kahawa na kumsikiliza hadi mwisho, halafu akamweleza pole pole, kama mtu anayemsomea mgonjwa majibu. Kilichouzwa ni chote kilichomo ndani ya mipaka, isipokuwa kilichotajwa. Kilichotajwa ni mbuzi.

"Mbuzi walishakufa siku nyingi," Rupert akasema.

"Haki yao bado ipo," meneja akajibu, na hakuwa akitania.

Rupert alirudi kwa barabara ya juu. Hatukuambiwa alimwambia nini dada yake, ila tangu siku hiyo yeye ndiye aliyempikia, supu ya miguu ya ng'ombe, ambayo Idalia hakuweza tena kuimeza na aliisifu kila siku.

Idalia alikufa Septemba, katika zile wiki za vimbunga ambazo hazina mwenyewe wa maana. Hoteli ilikuwa imefungwa ipakwe rangi. Meneja alikuwa Utrecht, Uholanzi, kwa mama yake. Ibada ilifanyika kanisani kwetu, nyimbo zote nne zikaimbwa mpaka ubeti wa mwisho, na gari la maiti likatangulia. Kwenye njia panda, kulia ni makaburi ya umma, kushoto ni ghuba. Rupert alikuwa kiti cha mbele. Gari likakata kushoto, na msafara mzima ukakata kushoto nyuma yake bila honi hata moja. Mchungaji, aliyekuwa gari la tatu, alisema baadaye kuwa alidhani ni mchepuko wa barabara. Ni mtu mwema na ana ruhusa ya kudhani.

Langoni alikuwa Osbert, mlinzi, mtoto wa shangazi yao. Alitoka kibandani na kofia yake ya kazi, akainama dirishani, kama alivyofundishwa.

"Mmeweka nafasi?"

"Mama aliweka," Rupert akasema.

Osbert akainua kizuizi. Wapaka rangi, Wahaiti karibu wote, waliweka brashi chini wakavua kofia, na wawili wakaja kusaidia kuchimba, kwa sababu ardhi ile ina mawe na wanaume wa Arrindell walikuwa wamevaa viatu vya kanisani. Idalia akalazwa kati ya mama na ukuta. Ilikuwa mchana wa jua kali, kila mtu aliona, na kwa kitambo fulani tulidhani mambo yamekwisha hapo. Sisi ni watu tunaoamini kwamba mtu akishazikwa amezikwa.

Osbert alifukuzwa kwa ujumbe wa simu. Wenye zamu walikutana kwa skrini, kila mtu jikoni kwake. Mwanasheria wao aliwaeleza kuwa kaburi la kale ni pambo, lakini kaburi jipya ni madai. Likiachwa moja, ukoo mzima unaweza kudai kwamba haukuondoka kamwe. Alikuwa sahihi kabisa. Hilo ndilo tulilokuwa tukilisema sisi siku zote, ila yeye alilisema kwa hofu. Na dawa aliyopendekeza haikuwa ya kumwondoa Idalia peke yake, maana hao sita ndio waliomwita. Hakimu aliruhusu wote saba wahamishwe. Rupert alisimama mahakamani akisema makaburi hayakuwamo, hayakuwamo, akaombwa akae.

Kazi ilifanyika kabla ya Krismasi, ili wenye wiki za sikukuu wasisumbuliwe. Niseme ukweli, haikufanywa kwa fujo. Hoteli ililipia masanduku mapya, na wafukuaji wenye ovaroli nyeupe walifanya kazi bila redio. Ya wafu wa kale yalikuwa masanduku madogo, kama ya vyombo. Mama alikuwa na vibanio vyake vya nywele vyote. Kwa mzee Josephus hakikupatikana kitu isipokuwa udongo mweusi kidogo na vifungo vya shaba. Wakaupima udongo kwa koleo, wakautia sandukuni, ili asionekane amepunjwa. Idalia alikuwa bado mzito. Walihitajika wanne.

Makaburi ya umma yako kando ya ziwa la chumvi, na kwa kukosa nafasi chini siku hizi watu huwekwa ukutani, kwenye vyumba vya saruji vilivyopangwa kama droo. Arrindell walipewa safu moja. Mama, kisha Idalia. Hakuna awezaye kusema hakupata alichokiomba: yuko kando ya mama yake, saruji ya unene wa kiganja katikati yao. Chumba hutolewa kwa miaka ishirini, kisha hulipiwa tena au hufunguliwa apishwe mwingine. Kwa hiyo ukoo wetu nao sasa una zamu.

Februari Bi Marjorie alikuja kama kawaida. Michongoma ilikuwa imeng'olewa na pale pamewekwa uwanja wa kuchezea mpira wa vibao. Benchi lilifika, na kweli linatazama bahari. Mfanyakazi mpya wa chumba cha kumi na nne anasema yule mama hukalia benchi hilo asubuhi, haongei, na mwaka huu hakuacha sosi. Amenunua ufagio wake mwenyewe, barazani anafagia yeye.

Kwenye ule ukuta wa saruji, baada ya Idalia, palikuwa na chumba kimoja cha mwisho, upande wa njia. Rupert alikiona siku ileile ya mazishi ya pili, akaelewa ni chake, akaona haya kukiulizia mbele ya watu. Alipokwenda kukiulizia wiki iliyofuata kilikuwa kimekaliwa. Mmoja wa wapaka rangi, Dieufort, alikuwa ameanguka na ngazi pale Kasa Wawili wakimalizia ukuta wa nje. Hakuwa na mtu kisiwani wa kumsafirisha kwao Haiti, na hicho ndicho kilichokuwa wazi.

Rupert huenda kila Jumapili baada ya kanisa. Kwa kuwa Dieufort ndiye wa upande wa njia, hufikiwa kwanza, na kwetu huwezi kumpita mtu mlangoni ukaenda kuwasalimia wa ndani. Kwa hiyo Rupert husimama, huvua kofia, humpa habari za wiki kwa ufupi, kisha ndipo huenda kwa dada yake. Mlinzi wa makaburi alimwuliza siku moja huyo Mhaiti ni nani wake.

"Bado hatujazoeana," Rupert akasema.